Tramu ya Nyabiyonza na Kituo Kinachofuata

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, siku ya soko, kwamba kuanzia Jumamosi wilaya ingekuwa na historia ndefu na tukufu ya tramu. Wananchi wote waliombwa wajitokeze kwa wingi, wakiwa nadhifu, kuja kuikumbuka.

Elick Byaruhanga, Kaimu Mhifadhi Mkuu wa Makumbusho ya Urithi wa Tramu, Nyabiyonza, ndiye aliyeliandika tangazo hilo, na hakuliona kasoro. Ni kweli kwamba tramu, treni ndogo ya umeme ya mitaani, haijawahi kupita Karagwe wala Kyerwa. Lakini mji mmoja wa ng'ambo ulikuwa na behewa kuukuu lisilo na pa kutupwa, ukalitoa zawadi kwa moyo mkunjufu. Na kitu kikishapokelewa kwa hotuba, chai na picha ya pamoja, lazima kiwe urithi wa mtu.

Kikosi Kazi cha Kumbukumbu kilipita vijijini kukusanya ushahidi. Wazee wa Igurwa walisema hawakumbuki kitu. Wa Ndama walisema labda linatajwa lile trekta la misheni. Mzee Cassian, mfugaji wa pale pale Nyabiyonza, alikumbuka kwa soda ya kwanza. Kwa soda ya pili akakumbuka na jina la dereva. Kikosi kikamteua Shahidi Mkuu wa Kihistoria, naye akaomba soda nyingine ili akumbuke na vituo.

Behewa likawekwa juu ya vipande viwili vya reli kwenye tambarare ya kilima, likazungushiwa uzio wa seng'enge. Uzio huo uliikata katikati njia ya kwenda zahanati, jambo ambalo Kamati ya Urithi wa Tramu ililiita mwingiliano mdogo wa matumizi.

Laurensia hakuliita hivyo. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha engozi, machela ya fito na kamba ambayo wanakijiji humbebea mgonjwa mabegani hadi zahanati, kila kaya ikitoa watu wake. Alimfuata Elick ofisini, akakaa bila kukaribishwa.

"Shikamoo, Ma Laurensia."

"Marahaba, mwanangu. Vero tumemzungusha kilima kizima kwa ajili ya hilo basi lako lisilo na matairi. Amejifungulia kwenye migomba ya Mwebesa. Mtoto tumemwita Njiani. Wa pili tumwiteje?"

"Suala lako linafanyiwa kazi, mama."

Jibu hilo alifundishwa na Mheshimiwa Akankwasa, mwenyekiti wa Kamati, ambaye alishikilia kwamba ndilo jibu pekee serikalini ambalo halijawahi kukosewa. Elick aliona haya kulitoa, maana Vero ni binamu yake. Lakini alikuwa akikaimu tangu behewa lifike, na Jumamosi hiyo Mheshimiwa angemthibitisha, endapo kanuni zote za safari ya uzinduzi zingefuatwa. Nyumbani mama yake alikwisha kuacha kumtambulisha kwa wageni kama mhifadhi. Siku hizi alisema tu, "Huyu bado wanamjaribu."

Jumamosi ilipofika, watu walikuja kama wanakwenda harusini. Akina mama walibeba vyakula vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, wanafunzi wakaja na sare zilizopigwa pasi, na Mzee Cassian akakalishwa kwenye kiti cha peke yake chini ya turubai, akiwa na soda. Mheshimiwa Akankwasa alivaa suti nzito ya sufu, kwa heshima ya nchi ya baridi ambako behewa lilitoka. Akazisoma kanuni, ambazo alizitunga mwenyewe. Madirisha yasifunguliwe, ili kulinda uhalisia. Abiria asisimame. Abiria asishuke kabla ya kituo kinachofuata. Watu wakapiga makofi kila alipovuta pumzi.

Mlangoni akamshika Elick bega. "Bwana Kaimu, leo ndio usaili wako. Hata nikikuomba mimi mwenyewe, usifungue. Kanuni haina mkubwa."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Kamati yote ikapanda. Mlango wa asili ulihitaji umeme, kwa hiyo fundi mmoja wa Ndama alikuwa ameuwekea komeo kwa nje. Elick akalifunga, akapuliza filimbi, na tramu ikaanza safari yake rasmi ya kutokwenda popote.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wajumbe walipunga mikono, wananchi wakapunga, watoto wakakimbia kando ya behewa hadi mwisho wa reli na kurudi. Kisha jua likapanda juu ya bati. Tai zikalegezwa, na mjumbe mmoja akaanza kujipepea kwa ratiba ya sherehe. Mheshimiwa akagonga kioo.

"Kaimu, fungua kidogo."

"Hatujafika, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akacheka, akawageukia wajumbe na kuwaambia kwamba kijana huyu ameiva. Alipogonga tena hakuwa akicheka.

"Hicho kituo kinachofuata kiko wapi?"

"Kiko kwenye awamu ya pili, Mheshimiwa. Inasubiri kikao chenu kiidhinishe."

Kikao kikakaa humo humo ndani, kwa kuwa akidi ilikuwa imetimia. Hoja ya kuanzisha kituo ililetwa na kuungwa mkono. Lakini mjumbe mmoja akakumbusha kwamba upembuzi yakinifu hutangulia, na mwingine akataka ijulikane kwanza kama kikao ni cha kawaida au cha dharura. Wakiwa bado wanalijadili hilo, Mheshimiwa akateleza kutoka kwenye kiti chake polepole, akakaa chini kabisa, macho ameyafumba.

Elick akalishika komeo. Alijua akilifungua, uthibitisho umekwenda na maji, na mama yake ataendelea kusema wanamjaribu. Aliogopa kweli. Halafu akakumbuka kwamba Vero, kule kwenye migomba, hakuwa hata na kioo cha kugonga. Akafungua.

Gari la msafara halikuwepo. Dereva alikuwa amelipeleka Kayanga kutafuta maji ya chupa ya aina anayokunywa Mheshimiwa. Laurensia hakuuliza ruhusa ya mtu. Engozi ilikwisha kuletwa kutoka kwenye upenu wa nyumba yake. Wakamlaza Mheshimiwa, wakamfunika kitenge, wakamnyanyua mabegani, wakaenda hadi kwenye seng'enge na kusimama.

"Tunazunguka kwa Mwebesa," Laurensia alisema. "Ni mwingiliano mdogo tu."

Mheshimiwa alifungua jicho moja. "Ng'oeni uzio."

"Uzio uko chini ya kifungu cha ulinzi wa..." Elick alianza, kwa mazoea tu.

"Kaimu, ng'oa."

Elick aling'oa nguzo ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na hajawahi kuifurahia kazi ya ofisi namna hiyo. Nguzo zilizobaki ziling'olewa na wananchi, ambao kwa kupenda usafi waliondoka na seng'enge yote.

Njiani wabebaji walibadilishana mabega huku wakienda mbio, bila mtu kutoa amri. Upepo wa kilimani ukamrudishia Mheshimiwa nguvu, akainua kidole kutoka chini ya kitenge. "Iandikwe kwamba nakagua njia." Zahanati walimpa maji ya chumvi na sukari, na Laurensia akampa juisi ya ndizi. Alipoona simu zimeinuliwa kumpiga picha, akakaa vizuri, akashukuru, akasema angeona fahari kuwa mwanachama wa heshima wa engozi.

"Hatuna wa heshima, baba," Laurensia alisema. "Tuna wa mabega. Aliyebebwa amekwisha kujiunga. Pembe ya kuita wabebaji ikilia, unakuja."

Mheshimiwa akacheka na kukubali mbele ya watu wote, jinsi anavyokubali mambo mengi.

Tramu bado ipo. Akina mama huivisha humo ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi, kwani madirisha yakifungwa joto lake linashinda la shimo la kuivishia, na Kamati imeliita jambo hilo matumizi endelevu. Wageni wanakuja, ila wanaomba kuonyeshwa engozi. Elick bado anakaimu.

Msimu wa mvua Mheshimiwa alirudi, kudai uzio wake urudishwe. Hakufika mbali na hotuba, pembe ikalia. Mzee Cassian alikuwa ameteleza zizini na kuumia mguu. Watu wote wakamtazama Mheshimiwa, kwa adabu kubwa. Mmoja akampokea koti. Akawekwa mbele, upande wa bondeni, kwenye tope, na Elick akashika mti wa pili sambamba naye.

"Mheshimiwa," Cassian alisema kutoka juu, "ninavyokumbuka mimi, tramu haikutikisika hivi."

Viatu vya Mheshimiwa vilikuwa vimekwisha kujaa tope, na jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Akamgeukia Elick.

"Kaimu, mimi napokelewa kituo gani?"

Elick aliitazama njia yote iliyobaki, hadi bondeni na kupanda tena.

"Suala lako linafanyiwa kazi, Mheshimiwa."