Njia ya Ndovu, Ibra

Siku mhandisi wa Kihindi alipofunga mizigo kurudi kwao, aliacha mezani vitu vitatu: kikombe chenye ufa, ua la plastiki, na kitabu kinene kuliko msahafu. Kikombe kilitupwa. Ua likachukuliwa na mfagizi. Kitabu kikamwangukia Khelef, na hapo, jamani, ndipo balaa lilipoanza.

Kilikuwa wasifu wa Guwahati, mji wa kaskazini-mashariki mwa India, unavyotanuka na unavyopangwa, ramani kwa ramani: watu wakae wapi, viwanda viende wapi, barabara ya mzunguko ipite wapi. Khelef alikuwa mchapaji wa ramani katika ofisi ndogo ya upimaji hapa Ibra, Oman. Kazi yake kubonyeza kitufe na kukunja karatasi. Kuzisoma hakulipwa, basi hakuzisoma. Lakini hizi za Guwahati alizisoma wiki mbili nzima, kitabu mapajani, huku mashine ikitema karatasi za watu wengine. Aliona jambo. Ukifuta majina, mto ukauita wadi, lile bonde letu kavu, na vilima ukaviacha vilima, mji wowote ni mji wowote.

"Subhanallah," akajisemea. "Hii ni Ibra ya kesho kutwa."

Msimcheke bado. Khelef alikuwa na shida, na shida yake ilikuwa na jina: Nahla. Baba yake Nahla, Mzee Ishak, alimwambia wazi: "Mie siozi binti yangu kwa kiatu kinachong'aa na simu mbili. Njoo na shamba lenye maji, mitende imebeba. Kabla ya mavuno. Yupo mtu Nizwa ana maduka matatu, na anapiga simu kila Ijumaa."

Na Khelef alikuwa na nini? Alizaliwa Maskati, mtoto wa waliorudi kutoka Unguja, na mali yake yote duniani ilikuwa kiwanja cha mawe alichopewa na serikali kando ya njia ya Sur. Mbuzi wakifika pale hutazamana, wakageuka.

Bi Ghanima ndiye aliyekuwa na shamba. Mitende arubaini mtaa wa kale, ukuta wa udongo, mfereji wa falaji unapita mlangoni na maji yake baridi. Mjane, umri wa kutosha kuitwa bibi na kila mtu, Kiswahili chake cha Malindi ya Unguja hakijapata kutu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Keti. Hanifa! Lete kahawa na halwa."

Hanifa, msichana wa kazi kutoka Tanga, akaleta sinia. Khelef akasogeza halwa pembeni, akafunua ramani ya Guwahati aliyoichapa upya, taratibu kama anayemfunua bibi harusi.

"Bibi, hii siri. Ndiyo Ibra mpya."

Bi Ghanima akavaa miwani. "Hii buluu pana ndiyo nini?"

"Wadi. Itajazwa maji mwaka mzima."

"Na hiki?"

"Gati la feri."

"Feri, Ibra?"

"Ya kuvukia wadi, bibi."

"Mie huvuka kwa kandambili, na hazirowi."

"Ndiyo maendeleo yenyewe hayo."

Kidole cha bibi kikatembea, kikasimama. "Na mstari huu wa kijani, wenye mnyama?"

Khelef alichungulia. Majina yote alifuta. Picha ya ndovu ameisahau! Huko Guwahati ndovu hushuka vilimani, wakaachiwa njia yao. Lakini mjanja hafi kwa ndovu mmoja.

"Hiyo, bibi, njia ya ndovu."

"Ndovu."

"Utalii! Ras al Hadd wana kasa, wazungu wanapanda ndege kuja kumtazama anavyotaga. Jabal Akhdar wana mawaridi. Sisi huku tuna nini? Ikaonekana tuletewe ndovu."

Hanifa alikohoa ghafla, akakimbilia jikoni, na huko kikohozi kikaendelea muda mrefu.

"Ndovu kitu chema," Bi Ghanima akasema polepole. "Na hii nyekundu?"

Khelef akashusha sauti, akashusha na mabega. "Barabara, bibi. Inapita juu ya mitende yako. Na fidia wajua mwenyewe, itafika wajukuu wana mvi." Akamsogelea. "Lakini wewe ni bibi yangu. Chukua kiwanja changu cha njia ya Sur, unipe mie shamba. Tingatinga likija, linikute mie."

Machozi yalimlenga kweli. Tapeli hodari hujitapeli mwenyewe kwanza.

"Nipe siku tatu nisali istikhara," akasema bibi.

Siku ya nne wakakaa mbele ya karani. Khelef alikwisha kujiandaa kubishania hata banda la kuku, lakini bibi hakubishania kitu.

"Andika," akasema. "Ardhi, ukuta, na mitende arubaini iliyosimama juu yake. Basi."

Karani akainua kalamu, akamtazama Khelef. "Hivyo tu?"

"Hivyo tu!" Khelef akadakia, kabla ajuza hajageuza nia. "Andika, yakhe, andika!"

Akatia saini. Jioni ile alimpigia Nahla, akamwambia achague rangi ya mapazia.

Jumamosi baada ya alasiri akampeleka Mzee Ishak shambani. Mzee hakutazama mitende hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji wa ndani, akachokoa kwa bakora. Vumbi likaruka.

"Maji yako wapi?"

Maji yalikuwepo, tena yanaimba, nje ya ukuta, yakielekea kwa jirani. Mlango wa kuyaingiza ndani umezibwa kwa jiwe na matambara. Khelef akacheka, akainama kulitoa lile jiwe.

"Toa mkono!" Ilikuwa sauti ya Wadhah, wakili wa falaji, anayegawa zamu za maji. "Zamu ya nani hiyo unayoiba?"

"Shamba langu hili!"

"Shamba lako, ndiyo. Maji ya Bi Ghanima."

Wallahi, hata mtoto wa Ibra angelijua. Huku ardhi ina hati yake na maji yana yake. Watu wanarithishana nusu saa ya maji, wanainadi, wanaiweka wakfu. Mtende bila zamu ya falaji ni ukuni uliosimama. Lakini Khelef alikulia Maskati, na maji aliyajua kwa bomba.

"Bibi!" Bi Ghanima alikuwa ameketi kivulini kwa jirani, Hanifa nyuma yake na chupa ya kahawa. "Mbona hukunambia?"

"Mbona hukuniuliza? Ulinisimulia ndovu tu."

Mzee Ishak hakucheka. Alimtazama Khelef kwa huruma, na huruma ile iliuma kuliko bakora.

"Basi turudishiane, bibi. Nipe kiwanja changu cha mawe…"

"Kiwanja changu. Hakirudi. Pale panajengwa soko jipya. Mpango wa kweli umebandikwa ubaoni baladia, ofisi ya mji, tangu Shaaban, mjukuu wangu Khulood kanisomea. Chini pameandikwa jina la ofisi yenu. Nyie ndio mliochapa."

Khelef akakumbuka. Nakala arubaini, amezikunja kwa mikono yake miwili, kitabu cha Guwahati mapajani. Akakaa kwenye mfereji mkavu. Hakuwaza kiwanja wala soko. Aliwaza mapazia.

Bi Ghanima akamgeukia Mzee Ishak. "Ishak, mpe mtoto mwaka. Nitamtilia maji nusu saa kila zamu. Ila mitende ataikwea mwenyewe, mfereji atausafisha mwenyewe. Ikibeba, urudi uangalie."

"Na binti yangu angoje?"

"Kamuulize binti yako. Kwani wa Nizwa yeye anamtaka?"

Magharibi simu moja ya Khelef ikalia. Ujumbe wa Nahla: *Baba kanieleza yote. Nimecheka mpaka nimelia. Mwaka mmoja, hauongezeki. Usianguke.*

Basi ukipita mtaa wa kale siku hizi utamwona juu ya mtende, kamba kiunoni, kiatu kinachong'aa kimening'inia ukutani. Na chini yake utamsikia Bi Ghanima, miwani usoni, ile ramani ameitandika chini, anaanikia tende.

"Khelef! Huko juu unaona mbali?"

"Naona, bibi."

"Hebu tazama upande wa wadi. Ndovu wanakuja?"

Na Khelef, kwa adabu, hugeuza shingo akatazama.