Hilario Achimba Kaburi la Mtani

Mwaka ule ambao redio ilihimiza kila nyumba ichimbe choo, Hilario wa Visiga aligundua kwamba kazi ya kusafirisha mizigo haina ugumu wowote, mradi mwenye mzigo asikuone tena.

Wazo lilimjia pale njia panda, alipowasikia wachoma mkaa wa Masaki, kule Kisarawe, wakilalamika kuwa magunia yao yananyeshewa kwa kukosa lori. Lori Hilario alikuwa nalo. Ilikuwa Bedford chakavu, ambayo matairi yake yalinunuliwa kwa fedha za cherehani ya mkewe. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana Laurentia alimwambia asubuhi ile, bila hata kupandisha sauti, "Cherehani yangu irudi, Hilario. Isiporudi, utalala humohumo kwenye lori lako."

Mlangoni aliandika kwa rangi nyeupe, kama walivyofanya wenye malori wote: H. TELESPHORY, MSAFIRISHAJI, VISIGA. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akamwona tajiri.

Lakini nani atampa mgeni mkaa wake bila kushika chochote mkononi? Kwa hilo Hilario alikuwa na dawa. Wazaramo, wenyeji wa Masaki, na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hafungiwi mlango. Basi alitoka Visiga akiwa Hilario tu, akafika Masaki akiwa Mnyamwezi. Tabora hakuwahi kufika hata kwa ndoto.

"Watumwa wangu, mpo?" alipaza sauti akishuka kwenye lori. Watu wakacheka. Akamdaka jogoo aliyekuwa akijipitia, akambana kwapani.

Jogoo alikuwa wa Bi Mwanakheri, ambaye magunia yake yalizidi ya kijiji kizima. Alitoka jikoni na mwiko wake. "Mnyamwezi mwizi wee! Umebeba pembe za ndovu za watu mpaka shingo imezama mabegani, sasa unabeba na jogoo wangu?"

Ulimi wa Hilario haukuwahi kukosa adabu mbele ya mteja. Akainama. "Samahani sana, mama yangu. Nitamlipa."

Watu wakageukiana. Mtani kuomba radhi badala ya kurudisha tusi? Bi Mwanakheri akamtazama mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kibwana, naye Kibwana akatazama mawingu. Kisha bibi akatabasamu. "Usijali, mtani. Karibu ule."

Hilario alikula akashiba, akasimulia jinsi alivyouza cherehani ya mkewe ili aje kuwaokoa watani zake. Tumwandikie thawabu, kwani hilo la cherehani lilikuwa neno lake pekee la kweli tangu afike.

Kulipokucha magunia yakapakiwa mpaka Bedford ikaguna. Hilario alikwisha shika mlango aliposikia mayowe. Bi Mwanakheri alikuwa anakuja mbio, mikono kichwani.

"Mtani, tumefiwa!"

"Poleni sana. Nani tena?"

"Utaambiwa. Kwanza chimba kaburi. Au huko kwenu mtani hamchimbii mtani wake?"

Hilario hakujua kama anamchimbia au hamchimbii. Katika utani alijua upande wa kuku tu. Upande wa jembe hakuna aliyemfundisha. Na watu wote walikuwa wanamtazama. Akavua koti lenye funguo za lori, akalitundika kwenye ua nyuma ya nyumba ya Bi Mwanakheri, akaanza kuchimba.

"Mbona limeshanifika kifuani?" aliuliza baadaye, akihema.

"Marehemu alikuwa mrefu," alisema Bi Mwanakheri.

Alichimba mpaka akawa anapanda na kushuka kwa ngazi. "Na mbona mmenichorea la mviringo?"

"Alikuwa mnene pia," alisema Bwana Kibwana kwa huzuni kubwa.

Ndipo aliposikia Bedford ikinguruma. Mngurumo ule angeutambua hata usingizini. "Lori langu! Naibiwa!"

"Tulia, mtani. Mzee wetu Mashaka ndiye anayeendesha. Ameendesha malori ya mkonge tangu ujana wake, gari lako lipo salama," alisema Bwana Kibwana.

Hilario aligeuka aparamie ngazi. Ngazi ilikuwa imekwisha ondoka.

Aliumia moyoni, tena kwa dhati. Aliliwaza lori, akaiwaza cherehani, akauwaza uso wa Laurentia, akaona afadhali marehemu aje haraka wazikwe pamoja. Walimshushia muhogo na chai kwa kamba. Jogoo walimla wenyewe huko juu, na harufu yake ikashuka bila kamba.

Jua lilikuwa linazama Bedford iliporudi. Vichwa vikajipanga kuzunguka shimo, na katikati yake, cherehani mpya imekumbatiwa kifuani, alikuwa Laurentia.

"Mkaa umeuzika vizuri," Mashaka alieleza akiinama. "Kila mtu amepata chake. Nauli ya lori tumeinunulia cherehani, maana tuliona ikipita mikononi mwako haitafika. Visiga tumepajua kwa kusoma mlango."

Laurentia alimtazama mumewe aliyejaa udongo mpaka kwenye kope. "Nimeambiwa nimeolewa na Mnyamwezi. Tangu lini, Hilario?"

Bwana Kibwana akakohoa kidogo. "Hata mimi ningependa kusikia. Kama ni Mnyamwezi, haya yote ni utani, na mtani hakasiriki. Kama siye, basi kuna mtu amedanganya kijiji kizima ili atoweke na mkaa wetu. Polisi wapo hapo Kisarawe mjini, na bahati nzuri sasa lori tunalo."

Hilario akazitazama zile nyuso, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyomwonea huruma, hata ya mkewe.

"Tangu kwa babu yangu," alisema. "Haya, watumwa wangu, nipeni ngazi."

"Subiri kidogo, mtani," alisema Bi Mwanakheri, akimshushia ndoo. "Bwana afya anapita kesho kukagua, na choo changu bado hakijafika kina."