Kifungu cha Bastola

Jumatatu, 3 Septemba 2018
Marcelline, msusi Mkongo wa orofa ya pili na mwenyekiti wa jengo letu hapa ugenini, mtaa wa Doornfontein, anataka bunduki zote zitoke jengoni. Zote! Iliyomo ni moja: bastola yangu. Ina leseni, ina sanduku lake la chuma. Nimemwambia kwamba mimi, katibu, nitaingiza kifungu katika katiba ya wakazi: haki ya mkazi kumiliki bunduki kihalali haitaguswa kamwe. Akasema, haya, Papa Shehe, tutapiga kura. Mke wangu Tabia ameniuliza nimeshafukuza wezi wangapi. Hajathubutu kuja hata mmoja. Ushahidi gani zaidi?

Jumatano, 5 Septemba
Nilimtegemea Ezéchiel, jirani Mkongo, mlinzi anayeshinda na bunduki kiunoni. Nikamtembelea na halua. Akaila. Kisha akasema, eish, Papa, ile ya kazi huiacha kazini. Mwizi akijua una bastola nyumbani hafuati tena televisheni, anafuata bastola, na wewe ndiwe unayemzibia njia. Halua nzima!

Ijumaa, 7 Septemba
Nimepata mbinu, tena nikiwa msikitini Mayfair, Mungu anisamehe. Kura itapigwa Jumapili asubuhi. Wakongo watakuwa kanisani, na ibada yao haijui kwisha. Sisi wa Tanga na Dar tutakuwepo. Katiba inasema wanaoamua ni waliohudhuria. Nimebandika tangazo mlangoni. Maandishi madogo, lakini sanifu.

Jumapili, 9 Septemba
Kanisa halikuwaruhusu tu waje. Limekuja lote! Mchungaji, ngoma, kwaya, viti vya plastiki, vyote uani kwetu. Wakaiombea bastola yangu itubu. Mahmoud, fundi viatu wa Tanga, mtu wangu wa kwanza, alipewa mandazi akaanza kupiga makofi. Kura zangu: mkono wangu. Tabia aliunyosha wake upande wa pili. Nikamwuliza mbele ya watu, haogopi wezi? Akajibu kwamba yeye hamwogopi mwizi. Anamwogopa mume anayepapasa miwani gizani huku ameshika bastola. Kwaya ikaitikia amina.

Jumanne, 11 Septemba
Bastola nimeipeleka kwa muuza silaha, aniwekee. Katika sanduku la chuma Tabia anatia vitunguu.

Alhamisi, 13 Septemba
Nimelisoma upya azimio lao. Linakataza bunduki. Upinde halikuutaja! Nimenunua mmoja. Mshale wa kwanza umeingia katika godoro la Marcelline, lililoanikwa uani. Sasa anagonga mlango wangu kwa ngumi, akiuliza kama Papa amekuwa kichaa. Sifungui, nina kazi. Naandika kifungu kipya: mkazi asianike godoro mbele ya haki ya mwenzake.