Moyo wa Beno kwa Jina Langu

Jumatatu, 1 Septemba
Nimekwisha. Daktari kasema vali ya moyo wangu inavuja, damu inarudi ilikotoka. Ndiyo maana nahema nikifunga kamba za viatu. Akaeleza kwamba mimi hawatanipasua kifua. Watakata kidogo tu ubavuni, waingize kamera, warekebishe. Baada ya “watakata” sikusikia kitu. Mke wangu Paskalina akauliza lini. Nikasema kwanza nipime tena kwingine.
Nina mpango.

Jumanne, 2 Septemba
Mdogo wangu Beno, mcheza mpira, kaenda kupimwa hospitali nyingine, mtaa wa Mchafukoge, kwa jina langu, Ignasi. Kadai viatu vyangu vya ngozi. Nimempa. Majibu: moyo safi kabisa! Paskalina kapiga magoti dukani kwetu katikati ya vitenge, kamshukuru Mungu. Kisha kamsomea karatasi Sadalla, muuza sufuria wa jirani, mshindani wangu kwa kila kitu. Sadalla kasema alhamdulillah, lakini uso ulimshuka. Siku tamu! Ila ngazi za nyumbani nimepumzika mara tatu.

Alhamisi, 4 Septemba
Paskalina kasema, “Baba Victoria, maadamu mzima, tupandishe mzigo stoo.” Ghorofa ya tatu! Ningekataaje? Robota la kwanza tu, ghorofa ya pili, pumzi ikakata. Nikakaa juu ya robota nikajua nakufa, na karatasi itasema nilikuwa mzima. Aliyenishusha mgongoni ni Sadalla. Sadalla! Mtaa mzima umeona.
Hospitali, daktari kauliza vali iliyovuja Jumatatu ilizibaje Jumanne. Nikakiri. Paskalina hakunigombeza. Aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikagoma kukunjika. Bora angenitukana.

Ijumaa, 12 Septemba
Juzi wamenifanyia upasuaji. Niko hai. Kidonda kiko chini ya titi la kulia, urefu wa kidole. Sadalla kaleta uji, kaomba kukiona, kasema kinyozi wake humkata zaidi. Nilitegemea angalau kovu la kuheshimika. Hata hilo sina. Paskalina siku mbili kalala kwenye kiti pembeni yangu. Neno lake ni moja: “Dawa.” Nimelia nikiwa nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 29 Septemba
Nyumbani. Daktari kaamuru nitembee kila siku, polepole. Paskalina kanivalisha saa inayohesabu hatua. Kutembea Kariakoo, jua hili, watu hawa! Nimemvalisha Hillary, mvuta mkokoteni, nikakaa kivulini na soda.
Jioni saa imeonyesha hatua elfu ishirini na sita. Paskalina kaitazama, machozi yakamtoka, kanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Kasema, “Nilijua umebadilika.” Kampigia daktari papo hapo. Daktari kashtuka, anataka kuniona Jumatano.
Nimejisikia vibaya sana. Nimemwambia Hillary kesho avute mizigo michache, nisionekane nimepona kupita kiasi.