Marahaba za Mzee Ngollo

Usijifanye hukuona. Jumatatu asubuhi ulipita mbele ya bohari ya nta, ng'ambo ya reli, ukamwona Mzee Ngollo, kibarua wa pale mlangoni, kasimamishwa juani kando ya mizani kama mwizi wa kuku. Ukageuza shingo. Ukaanza kusoma tangazo la sabuni ukutani kwa makini, utadhani ni khutba ya Ijumaa. Nilikuona, nawe unajua kwamba nilikuona. Mimi ndiye yule fundi baiskeli wa Mtendeni wanayemwita Juzijuzi, kwa kuwa mambo ya Mjerumani nayasimulia kama yaliyotokea juzi. Sura za watu sizisahau, na shingo zilizogeuka ndizo nizikumbukazo zaidi.

Basi kwa kuwa hukutaka kusikia, nakuandikia. Haya ndiyo yaliyosemwa leo alasiri kwenye benchi la kahawa la Nassibu.

Nassibu ni Mzaramo. Alikuja na treni angali kijana, akanogewa, hakurudi. Sisi Wanyamwezi anatutania kutwa, nasi hatumwachi, maana ndiyo haki ya watani. Alikuwa anamimina kahawa wakati Mwanajuma, muuza maandazi, alipotua sinia lake. Huyu tunamwita Redio. Redio yenyewe ina kifungo cha kuzimia, yeye hana.

"Mmesikia ya Mzee Ngollo?" akaanza hata hajaketi. "Kapewa mpaka kesho! Kengele ya asubuhi ikilia, asimame mbele ya vibarua wote amwambie Bwana Nyanya shikamoo. Asiposema, kazi hana, na chumba cha kampuni ahame na wajukuu zake."

Bwana Nyanya ni yule kijana wa Kizungu aliyeletwa kusimamia bohari. Jua letu limempika uso, vibarua wakampa jina. Ndevu zake bado zinapiga hodi.

Nassibu akasimamisha dele hewani. "Shikamoo? Yule mtoto? Mzee Ngollo ana mjukuu anayemzidi yule!"

"Ngoja kwanza, kosa lake nini?" Huyo ni Sylvester, karani wa mizigo. Tunamwita Bwana Tai, maana hufunga tai shingoni hata Oktoba, mbwa wanapohema. "Mzungu hakasiriki bure. Lazima mzee kamvunjia adabu."

"Adabu ndiyo iliyomponza!" Redio akapiga goti lake kwa kiganja. "Kila asubuhi Nyanya akiingia, mzee yuko mlangoni kwenye kigoda chake, kanyamaza, anangoja aamkiwe. Mtoto anapita. Kesho yake tena, anapita. Mzee anasema moyoni, labda kalala vibaya. Hakutaka kumdai salamu mbele ya vijana, asije akamwaibisha mtoto wa watu."

"Na Nyanya naye?"

"Naye anangoja aamkiwe! Siku nenda siku rudi wanatazamana kama majogoo, kila mmoja anamsikitikia mwenzake kwamba hakulelewa."

Benchi zima likacheka. Nassibu ikabidi aweke dele chini.

"Jumatatu mzee uvumilivu ukamwisha. Akamsogelea taratibu, akamwuliza kwa upole kabisa: 'Mwanangu, kwenu watoto hawaamkii wakubwa?' Mkalimani akatafsiri. Jamani! Uso ule ulipita nyanya, ukaingia kwenye pilipili. Ndipo akamsimamisha mzee juani."

"Mwanangu!" Tai akatikisa kichwa. "Kamwita bwana mkubwa mwanangu. Mnaona sasa? Nyinyi mnadhani ukubwa ni mvi. Ukubwa ni cheo."

"Cheo kimenyonya lini?" nikamwuliza. "Cheo kimeota meno lini? Sikiliza, Tai. Babu yangu alibeba pembe toka Ujiji mpaka pwani. Msafara ukikaribia Kwihara, hapo nje ya mji wetu, hata Mwarabu mwenye bunduki zake alituma mtu mbele kuwasalimu wenyeji, ndipo mizigo itue. Mgeni ndiye anayepiga hodi. Mjerumani akaja, akapiga hodi kwa mzinga. Mwingereza akapita mlango ule ule, akiukuta wazi, akakaa kwenye kiti, sasa anatuuliza mbona hatusimami!"

"Juzijuzi keshaanza," Nassibu akasema. "Sasa hivi atatubebesha pembe sote. Nyie Wanyamwezi mlitembea miezi na mizigo kichwani, mkafika kwetu, mkarudi na shuka."

"Na nyinyi mlikuwa mmekaa mnatungoja mtuuzie nazi mbovu, wavivu wakubwa!"

Hapo hapo kengele ya baiskeli ikalia. Bwana Nyanya mwenyewe, kaptura nyeupe, magoti mekundu, anapita zake. Tai akaruka kama aliyekalia siafu. Kikombe kikampindukia, kahawa yote ikamwagika kwenye suruali.

"Shikamoo bwana!"

"Marahaba," akajibu yule kijana bila kupunguza mwendo. Akamwonyesha Nassibu kidole: "Jambo, boi." Akaenda zake.

Kiswahili chake chote ndicho hicho: marahaba, jambo, boi, na haraka.

Nassibu ana wajukuu. Alimtazama mpaka akakata kona. Kisha akamtazama Tai, anayejipangusa suruali kwa leso. "Bwana Tai, hongera. Umepata baba mpya."

"Nacheka na nyinyi, lakini mimi nina kazi ya kulinda," Tai akanuna. "Kumwita mtu boi ni vibaya, sikatai. Lakini ndiyo lugha yao."

"Lugha yao!" Redio akamgeukia. "Na yule mzee wa Kisukuma anayekuchotea maji nyumbani, Mzee Masolwa, wewe unamwitaje?"

Tai akainamia doa lake.

"Sema. Mimi napita na maandazi kila asubuhi, nasikia mpaka barabarani. Unamwitaje?"

"Mke wangu ndiye aliyeanza," Tai akanong'ona.

"Boi!" Redio akatangaza kwa mtaa mzima. "Mzee mwenye jino moja! 'Boi, lete maji!' Na tai shingoni!"

Hakuna aliyecheka safari hii.

Hapo Mzee Ngollo akatokea. Sote tukasimama. Shikamoo zikamwangukia kwa pamoja, ya Tai ikiwa ya juu kuliko zote. Akaitikia ya kila mtu peke yake, kwa zamu. Akamwuliza Redio hali ya mguu wa mama yake. Akamwuliza Nassibu kama Wazaramo wameshajifunza kufanya kazi. Ndipo akaketi.

"Nitasema," akatuambia. "Kesho nitasema. Mwanangu kafa kaniachia wale watoto, nitawapeleka wapi? Neno moja tu."

"Basi limekwisha, mzee," Tai akasema, kama aliyetuliwa mzigo. "Neno halivunji mfupa."

"Sikiogopi kinywa changu, Sylvester. Naogopa masikio ya vijana. Wakigombana pale bohari, wanakuja kwangu nawapatanisha. Yule aliyempiga mkewe nilimwita nikamsema, akalia, akaenda kumtaka radhi. Alinisikiliza kwa kuwa mimi ni mkubwa. Kesho watanisikia nikimshika mtoto miguu. Keshokutwa nikisema, atanisikiliza nani?"

Akapewa kahawa. Akaishika, asiinywe.

Redio akasogeza sinia lake kando. Halafu akainua kichwa taratibu.

"Mzee. Mtu akikuamkia, unaweza kumwacha bila kumwitikia?"

"Labda niwe nimekufa."

"Na ukishamwitikia?"

"Namwuliza ya nyumbani. Mvua, watoto, ng'ombe."

"Na akiwa Mnyamwezi mwenzake, ndiyo balaa!" Nassibu akadakia. "Salamu zenu hupanda treni hapa, zikaenda mpaka Tura, zikarudi, ndipo mtu akumbuke alichojia!"

"Basi sikilizeni," Redio akasema, macho yanamng'aa. "Kesho kengele ikilia, mimi niko mlangoni na sinia langu. Shikamoo, mzee. Anaitika, ananiuliza ya mama. Nikitoka, anaingia Nassibu. Akitoka Nassibu, Juzijuzi, na asisahau kumsimulia mambo ya Mjerumani. Halafu Tai."

"Mimi?"

"Wewe, na doa lako. Nyanya atasimama pale anangoja shikamoo yake, na mdomo wa mzee umejaa marahaba. Hakukataa, hakutukana. Hajapata nafasi tu! Amfukuze kwa kosa la kuitikia salamu, tumwone atakavyolieleza kwa wakubwa zake."

Mzee Ngollo alianza kucheka kwa mabega, kimya kimya, mpaka kahawa ikatikisika kikombeni.

"Na yule mtoto akichoka kungoja," akauliza, "akaniamkia?"

"Mwitikie, mzee," Nassibu akasema. "Usimnyime."

"Nitamwitikia. Maskini, hakufundwa tu."

Akanywa kahawa yake, akainuka, akatuaga mmoja mmoja. Tai naye akainuka. Alisema anakwenda nyumbani, ana maneno na Mzee Masolwa. Tulimwona akilegeza tai njiani.

Tukabaki watatu, tukahesabiana. Nassibu ndiye aliyelisema: "Jamani, hata tukisalimiana Kinyamwezi, sisi tutakwisha kabla chai ya Nyanya haijapoa."

Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Wewe wa tangazo la sabuni. Sikuombi urushe jiwe, sikuombi utukane. Nakutaka ufanye lile ulilofundishwa na mama yako kabla hujajua kufunga kifungo cha shati: umwamkie mkubwa wako. Salamu haina polisi. Kengele ya bohari inalia saa moja. Mchukue jirani, mchukue shemeji, mchukue na yule shangazi yako asiyejua kumaliza maneno, huyo hasa. Jipangeni toka mlangoni mpaka relini. Mwulize mzee habari za watoto, naye atakuuliza za kwako, jibu kwa kirefu, usiharakishe. Akipiga kelele mtu wa kaptura nyeupe, mwambie kwa upole angoje zamu yake, iko nyuma kabisa.

Umeshasoma. Huwezi tena kusema hukujua. Inuka sasa hivi, kagonge mlango wa jirani kabla hajala akalala, umwambie. Na asubuhi shingo yako iwe imeelekea kwa Mzee Ngollo. Mimi nitakuwa pale, nikizikumbuka sura.