Povu la Mabomba ya Happyness

Jumatatu, 9 Juni
Ukungu umelala juu ya mpunga, ng'ombe wanaonekana vichwa tu, vinaelea. Nami naelea. Mwanangu Happyness anakagua mabomba ya kuzima moto kwenye ghala jipya la mchele, njia ya Kiberege. Ndani hayana maji. Yana hewa iliyoshindiliwa na kompresa, ndiyo inayozuia maji. Hewa ikivuja, maji yanashuka na mchele unalowa bila moto wowote. Mimi wa darasa la saba nimeelewa. Akili kazitoa wapi? Kwangu. Ijumaa injinia Joachim anachagua fundi mkuu. Ni Happyness au Festo, mtoto wa jirani yangu Agnella.

Jumanne, 10 Juni
Nimepeleka wali na samaki perege ghalani. Happyness yuko juu ya ngazi, anapaka maji ya sabuni kwenye viungio. Kimoja kikatoa povu. Mapovu yakapanda taratibu kwenye mwanga wa dirisha, nikasahau hata bakuli. Akasema hapo panavuja. Mbele ya Festo, jamani. Jioni Agnella kaniuliza, Mama Happy, mwanao siku hizi anafua nguo ghalani?

Jumatano, 11 Juni
Chumvi nyingi na ndimu, sabuni haitoi povu. Mfuaji yeyote anajua. Hakuna povu, hakuna aibu. Happyness alipokuwa anakula, nikabadilisha chupa yake ya maji ya sabuni, nikaweka yangu. Mchana kutwa hakuna povu hata moja. Nimekaa kwenye gunia nikimwona akilini na kofia nyeupe ya ukubwa, Agnella akisimama kumpisha. Nikasinzia hapo hapo.

Alhamisi, 12 Juni
Karudi nyumbani mchana. Geji ya hewa imeshuka, kompresa haipumziki. Injinia kasema kesho presha isiposimama, cheo ni cha Festo. Happyness kachovya kidole kwenye chupa, kaonja, kaniangalia. Akauliza, mama, chumvi imefikaje humu? Nikasema labda jasho, mwanangu unajituma sana. Hakucheka. Kachukua sabuni mpya, karudi kazini bila kula. Wali nimeula mimi, kwa uchungu. Sahani mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Presha imesimama. Happyness kaona viungio tisa vinavyovuja, kavikaza vyote. Viwili ni vya upande wa Festo, aliyeapa kwake hakuna. Injinia kasema fundi si asiye na povu, fundi ni anayeliona. Kampa ukuu kwa majaribio ya mwezi mmoja, akiendelea kuona hivyo hivyo, cheo ni chake. Nililia hadi Agnella akanipa kanga yake nijifute.

Jumamosi, 14 Juni
Nimelala chali nikiwaza, mawingu yakishuka toka Udzungwa. Mwezi ni mrefu. Viungio vyote vimekazwa. Sasa mwanangu ataona nini?
Nimeazima spana kwa mume wa Agnella. Nimemwambia ni ya baiskeli. Jumatatu napeleka wali.