Anwani Yenye Namba Moja

Jumatatu, 4 Mei
Kadi za harusi ya mdogo wangu wa kike zimegawiwa zote. Mia na ishirini! Shemeji, mume wa dada mkubwa, alitaka ziandikwe jina la ukumbi na mtaa. Ushamba. Nimeweka anwani ya mtandao tu: 192.168.1.1. Ukurasa nimeutengeneza mwenyewe kwenye kompyuta yangu hapa zahanati, una picha, saa na ramani. Nilimbembeleza fundi wa mtandao wiki nzima aipe kompyuta yangu namba inayoishia na moja. Alikuwa amenipa inayoishia na kumi na saba. Mimi na kumi na saba, wapi na wapi? Nimejaribu mezani kwangu, umefunguka. Dirisha la dawa pia, umefunguka. Nimetembea kifua mbele hadi jioni.

Jumanne, 5 Mei
Shangazi kapiga simu, kanuna. Kaandika namba zile nyumbani kwake, akadaiwa jina na neno la siri. "Kumbe harusi ya mtoto wa kaka yangu ina neno la siri, na mimi sikupewa?" Nikamwambia simu yake imezeeka. Akanikatia. Kufikia jioni, wengine wanne, malalamiko yale yale.

Jumatano, 6 Mei
Fundi kaitazama kadi, kaniuliza mara mbili kama natania. Anasema anwani za namna hii, zinazoanza na 192.168 au na 10, ni za ndani. Kila nyumba ina zake, kama vile kila nyumba ya wageni ina chumba namba moja. Shangazi alikuwa anabisha hodi kwenye kisanduku cha intaneti cha sebuleni kwake mwenyewe! Nimemwomba atoboe ukuta wa ulinzi, wageni wapite. Kakataa. Nyuma ya ukuta ule kuna faili za wagonjwa. Masikio yaliniwaka moto.

Ijumaa, 8 Mei
Mdogo wangu kaniuliza kama wageni wote wameiona ramani. Nikasema ndiyo. Kisha akanipa tai aliyoninunulia. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 9 Mei
Saa nane. Viti mia na ishirini, watu tisa, mpiga picha akiwemo. Bibi harusi akaniuliza taratibu, "Kaka, watu wako wapi?" Nikakiri yote, nimeishika ile tai. Alilia hadi wanja ukamchuruzika. Shemeji akachukua orodha ya wageni mkononi mwangu, akatoka na Shangazi kwenye korido wakawapigia wageni mmoja mmoja. Saa kumi ukumbi ulijaa. Kwenye shukrani akatajwa Shemeji. Nilipiga makofi nimejibanza nyuma ya spika, natamani ardhi inimeze.

Jumapili, 10 Mei
Mdogo wangu kanisamehe, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Lazima nilipe wema. Nitatengeneza ukurasa wa picha za harusi kwa ukoo mzima. Nimelitafakari sana kosa langu: namba ilikuwa ndefu mno. Safari hii nimechagua 10.0.0.1, hata Shangazi hawezi kukosea. Mchapaji anasema kadi zitakuwa tayari Jumanne.